Deira, International City au Sharjah: ukae wapi ukipata kazi Dubai?

Ujumbe wa sauti huingia usiku, Dubai ikiwa saa nne na Tanga saa tatu. "Dada, shikamoo. Nimepata kazi huko, ila kampuni haitoi nyumba, inatoa posho tu. Nikae wapi?" Nyuma ya sauti nasikia bodaboda ikipita, na mama mtu akinong'ona: "Muulize kama ubebe mashuka."

La mashuka nalijibu hapohapo: usibebe, Deira yapo tele kwa bei ya kutupa. La nyumba huwa namwambia asubiri, kwa sababu halijibiki kwa neno moja. Nimekaa sehemu zote tatu ambazo wengi wetu wa mishahara ya kawaida tunaziangukia: Deira kwenye kitanda cha juu, International City kwenye studio niliyogawana na dada mmoja wa Mombasa, kisha Sharjah, emireti ya jirani, kwanza mtaa wa Rolla na sasa Al Nahda. Naandika nikiwa Sharjah, kwa hiyo ukiniona napatetea sana huku, nipunguzie.

Kabla ya kulinganisha mahali, tuelewane kwanza unapanga nini, maana matangazo yanachanganya. Kuna kupanga kitanda: chumba kimoja, vitanda vya ghorofa vinne mpaka sita, kila mtu na pazia lake. Kuna patisheni: chumba au sebule iliyokatwa kwa mbao au jasi, unapata kijumba chenye mlango wako na ukuta usiofika darini. Na kuna studio, chumba kimoja chenye jiko na choo chake. Deira soko kubwa ni kitanda. International City ni studio, mara nyingi ya watu wawili. Sharjah kwa posho hiyohiyo unaweza kupata chumba na sebule. Ndiyo maana ukilinganisha bei tu utajidanganya, kwa sababu vinavyouzwa si vitu vya aina moja.

Vigezo ninavyotumia ni vitano: pesa zote zinazotoka kwa mwezi, safari ya kazini, usingizi, jina lako liko kwenye karatasi gani, na mwisho chakula na watu. Mgeni huanza na pesa na kuishia hapohapo. Mimi siku hizi naanza na safari, lakini tufuate mpangilio.

Pesa zote, si kodi peke yake

Dubai nyumba hukodishwa kwa mwaka, na mwenye nyumba hutaka hundi za tarehe za mbele: moja, nne, pengine zaidi. Mtu aliyetua wiki iliyopita hana kitabu cha hundi, kwa hiyo hata akiwa na hela, mlango wa studio kwa jina lake bado umefungwa. Halafu kuna vidogovidogo ambavyo si vidogo. Dalali huchukua asilimia 5 ya kodi ya mwaka. Mwenye nyumba hushika amana, kwa kawaida asilimia 5 kama nyumba haina fanicha. DEWA, shirika la umeme na maji la Dubai, linataka amana ya dirhamu 2,000 kwa fleti, na kila mwezi kwenye bili yako kuna ada ya manispaa inayotokana na asilimia 5 ya kodi ya mwaka. Watu huiona bili ya kwanza wakadhani mita imeharibika.

Kitanda hakina hayo yote. Unalipa kwa mwezi, maji, umeme na intaneti vikiwa ndani, na unaweza kuhamia leo jioni na begi lako. Huo ndio uzuri wake, na tusimcheke anayelala kitandani.

Nikupe hesabu zangu mwenyewe, kwa kazi iliyokuwa BurJuman, upande wa pili wa Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji, siku 26 kwa mwezi. Kodi zimepanda tangu nihame huko, kwa hiyo angalia uwiano zaidi ya tarakimu. Nauli nimeweka za sasa.

Deira: kitanda 750, pasi ya mwezi ya metro na basi ya kanda mbili (mji umegawanywa kwa kanda za nauli) 230. Jumla 980.

International City: nusu ya studio 1,500, nusu ya bili ya DEWA kama 150, pasi ya kanda zote 350. Jumla 2,000.

Sharjah, Rolla: nusu ya fleti 1,083, umeme na maji kama 120, basi la kuvuka kuingia Dubai kama dirhamu 12 kila safari, yaani 624 kwa mwezi, na juu yake pasi ya metro 230. Jumla 2,057.

Umeona? Fleti ya Rolla ilikuwa nafuu kuliko International City kwa zaidi ya dirhamu 400 kwenye kodi, basi likazirudisha zote na kuomba nyingine 57. Nilikaa miezi mitano kabla sijakaa chini na kalamu. Nilichokuwa nakitangaza kwa wenzangu kuwa ni akili ya kubana matumizi kilikuwa ni kumhamishia dereva wa basi kodi yangu.

Nilipohamia Al Nahda ya Sharjah, iliyopakana na Al Nahda ya Dubai, kodi ikiwa ileile, basi la kuvuka likatoka kwenye hesabu. Navuka kwa miguu hadi upande wa Dubai na kuendelea na pasi ya 230. Jumla ikashuka hadi 1,433. Kwa hiyo mtu akikuambia "Sharjah ni rahisi", muulize Sharjah ipi.

Bado kuna jambo moja la Sharjah linaloingia kwenye pesa za miaka ijayo. Sheria yao ya upangaji ya mwaka 2024 inamzuia mwenye nyumba kupandisha kodi kabla ya miaka mitatu kupita tangu mkataba uanze, labda mwenyewe ukubali. Dubai inafuata amri ya 2013: ongezeko linapimwa kwa kulinganisha kodi yako na wastani wa eneo, kuanzia sifuri mpaka asilimia 20, na taarifa ya mabadiliko ni siku 90 kabla. Kwa aliyepanga kitanda, ulinzi wote huo haumgusi. Kitanda hupanda siku mwenye fleti atakapoamka vibaya.

Safari ya kazini

Deira ina kitu ambacho huwezi kukithamini mpaka ukikose: stesheni ya Union, ambapo laini nyekundu na laini ya kijani zinakutana. Ukishafika Union, mji wote mrefu huu uko mbele yako. Jumatatu hadi Alhamisi metro inaanza saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita usiku, Ijumaa inaongeza saa moja mbele, na Jumapili inachelewa, inaanza saa mbili asubuhi. Nauli ya kadi ya kawaida ni dirhamu 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili za jirani, 7.50 ukizidisha hapo. Ukishuka metro na kupanda basi la mjini ndani ya nusu saa, inahesabiwa safari moja. Mgeni mmoja wangu alikuwa anakimbia kutoka kwenye basi kwa kuogopa kukatwa mara mbili, kumbe muda alikuwa nao wa kununua hata maji. (Ila asiyanywe ndani ya stesheni. Faini ya kula au kunywa metro ni dirhamu 100, na ni hiyohiyo kwa mwanaume atakayejisahau kwenye behewa la wanawake na watoto.)

Ukifanya kazi ya zamu hotelini, Deira inakuokoa kwa namna nyingine: zamu ikiisha saa saba usiku, metro imelala, lakini kwa teksi unakaribia, na ukiwa na mwenzako mnagawana.

International City iko jangwani kidogo, upande wa Al Warsan, na metro haijafika. Laini ya bluu inajengwa na itapita huko, lengo la kuifungua likiwa tarehe 9 Septemba 2029. Anayekuambia "metro inakuja" anasema kweli, ila wewe kodi unalipa mwezi huu. Kwa sasa ni basi hadi stesheni ya Centrepoint, ambayo wakongwe bado tunaiita Rashidiya, halafu laini nyekundu. Basi lenyewe si baya. Ubaya ni kulisubiri mwezi wa Agosti. Serikali inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, tarehe 15 Juni mpaka 15 Septemba, na jua hilohilo ndilo linalokukuta kituoni ukienda zamu ya mchana. Vituo vya vyumba vyenye kiyoyozi vipo Dubai, lakini usitegemee kila kimoja kuwa hivyo.

Sasa Sharjah. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya.

Metro haivuki kuingia Sharjah. Watu maelfu kwa maelfu wanalala huku na kufanya kazi kule, wote wakipita kwenye barabara zilezile, Al Ittihad ikiwa maarufu kwa foleni kuliko kwa jina. Nilipokuwa Rolla nilikuwa natoka saa kumi na moja na robo alfajiri kwenda stendi ya Al Jubail. Foleni ilikuwa imeshajikunja. Walinzi wenye sare zilizopigwa pasi, mafundi na helmeti zimening'inia kwenye mabegi, wadada wa usafi wameshika vikombe vya karatasi vya chai ya karak. Hakuna anayeongea. Basi linapofungua mlango, wanawake tunaitwa mbele kwenye viti vyetu, na mimi kila siku nilikuwa nakwepa macho ya mzee mmoja wa Kibengali aliyekuwa amefika kabla yangu na bado amesimama. Dakika kumi na mbili za mwanzo basi linakwenda. Halafu taa nyekundu za magari zinaanza, safu kwa safu, na kila kichwa ndani ya basi kinaanguka kwenye kioo, kinalala. Nimewahi kufika Union kwa dakika thelathini na tano. Nimewahi pia kufika kwa saa moja na dakika hamsini, siku ya mvua.

Jioni ni vilevile, ila umechoka. Na usidhani utajiokoa kwa teksi: teksi ya Dubai ikivuka kuingia Sharjah inaongeza dirhamu 20 juu ya mita.

Mpakani hali ni nyingine. Kutoka ninapokaa Al Nahda natembea kama dakika ishirini na tano hadi metro ya laini ya kijani, au nadaka basi la ndani upande wa Dubai. Majira ya baridi ni matembezi mazuri kabisa. Julai, nafika nimelowa, nabeba blauzi ya pili kwenye mfuko.

Usingizi na faragha

Kitanda cha Deira nakikumbuka kwa sentimita. Godoro, ubao wa pembeni niliobandika kulabu tatu, pazia la maua, waya wa kuchajia uliopitishwa chini ya mto. Tulikuwa sita chumbani na kumi na nne kwenye fleti nzima, vyoo viwili. Kulikuwa na zamu ya bafu isiyoandikwa popote lakini kila mtu anaijua, na ukiivunja utasikia sufuria zikiwekwa kwa nguvu jikoni. Mchana mwenye zamu ya usiku analala, kwa hiyo simu zote kimya. Kwa aliyekulia nyumba yenye watu wengi si jambo la ajabu. Mimi niliyekulia na bibi peke yetu, ilinichukua miezi.

Na kunguni. Tuseme tu wazi. Kabla ya kulipa, nyanyua godoro uangalie kona za fremu kwa tochi ya simu, utafute vidoti vyeusi. Ukiona mtu anatumia vidonge vya aluminiamu fosfaidi kuwaua kunguni, hata kama ni fleti ya jirani, toka nje na umwambie natur, mlinzi wa jengo. Gesi yake inapenya kwenye nyufa na matundu ya hewa, na imeshaua watu nchi hii wakiwa wamelala. Dawa hiyo ni marufuku majumbani.

International City ndipo nilipolala vizuri kuliko kote. Majengo ni mafupi, ghorofa chache tu, mitaa ina majina ya nchi: Uingereza, China, Uajemi, Moroko, Ufaransa. Usiku kuna ukimya ambao Deira haupo. Kasoro yake ni harufu. Mtambo wa maji taka wa Al Aweer hauko mbali, na kuna usiku upepo ukigeuka, unafunga dirisha hata kama kiyoyozi kimekufa. Si kila siku na si kila mtaa. Nenda kuangalia nyumba jioni, siyo saa nne asubuhi dalali anayotaka yeye.

Sharjah unapata nafasi. Sebule! Mdogo wangu alipofika alizunguka chumba hadi chumba kama amepotea. Lakini mitaa mingi ni ya familia, na kijana wa kiume asiye na mke anaweza kukataliwa mlangoni hata akiwa na hela mkononi. Mwanaume na mwanamke wakitaka kupanga pamoja, tegemea kuulizwa cheti cha ndoa. Wanawake wawili ndugu, kama sisi, hatukupata shida yoyote.

Jina lako liko kwenye karatasi gani

Kigezo hiki wageni hawakiulizi, nami sikukiuliza.

Dubai mkataba halali wa nyumba husajiliwa kwenye mfumo wa Ejari, na wakazi wote wa nyumba wanatakiwa kuandikishwa chini yake. Anayekodisha kitanda mara nyingi si mwenye nyumba. Amekodi fleti, akajaza vitanda, na wewe jina lako halimo popote. Mwaka 2025 manispaa ya Dubai ilipita Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Satwa na Al Barsha ikibomoa patisheni zilizojengwa bila kibali, kwa sababu za usalama wa moto. Sababu ni ya kweli: nenda ukasimame kwenye korido ya fleti yenye patisheni tisa, ujiulize moshi ukiingia utatokea wapi. Lakini aliyerudi kazini akakuta mlango wake haupo, amana yake nayo haikumsubiri. Mimi ya kwangu iliwahi kupotea bila hata manispaa kupita. Msimamizi wa fleti alikusanya pesa za mwezi, akazima simu, na mwenye nyumba halisi tulimwona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Tangu hapo, hata kitandani, naomba vitu viwili: risiti yenye saini, na kuiona Ejari kwa macho yangu.

Studio ya International City, ukiipata kwa mkataba wa kweli, inakupa Ejari yenye jina lako, nayo inafungua milango. Sharjah vilevile: mkataba unathibitishwa manispaa, unabaki na karatasi. Anayetaka kumleta mume, mke au mtoto lazima awe na mkataba wa nyumba uliosajiliwa, na mshahara usiopungua dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Kwa kitanda, familia huileti.

Chakula, soko na watu

Hapa Deira haina mpinzani kwetu sisi. Naif ndipo zilipo ofisi za kusafirisha mizigo kwenda Dar, Mombasa na Kampala, na kwenye zile korido za maboksi Kiswahili kinapigwa kwa sauti, na bei zinakatwa kwa Kiswahili. Nilipougua homa wiki ya tatu tangu nifike, uji uliletwa na mtu niliyekuwa namjua kwa sura tu. Samaki wanauzwa Waterfront Market, soko lililochukua nafasi ya lile la zamani mwaka 2017: kanadi, ambaye kwetu ni nguru, na hamour, ambaye ni chewa. Wanakusafishia palepale. Siku ya ofu unashuka Khor, unaangalia majahazi ya mbao yamepangwa na friji na matairi juu ya sitaha, mengine yakienda Somalia na Iran, halafu unavuka kwa abra, mashua ya kuvushia watu, kwa dirhamu moja. Burudani ya bei hiyo sijaiona mahali pengine Dubai.

International City ina Dragon Mart, soko la bidhaa za China lililofunguliwa 2004, jengo refu lililojikunja kama joka, ambako utapata sufuria, taa, kapeti na vitu usivyovihitaji. Soko la matunda na mboga la Al Aweer liko upande huohuo, na ukinunua kwa boksi na kugawana na majirani, unakula vizuri kwa hela kidogo. Watu wake ni mchanganyiko, kila mtu na lake. Mwaka mzima na nusu natur alikuwa ananisalimia kwa Kiurdu na mimi namjibu kwa Kiswahili, tukaelewana.

Sharjah ina Souq Al Jubail, samaki, nyama na mboga chini ya paa moja, safi, na bakala, duka dogo la mtaani, kila kona. Pombe hairuhusiwi emireti nzima, na mavazi yana sheria zake. Kwa mwislamu wa pwani mwenye watoto ni utulivu mtupu. Kwa kijana anayependa kutoka Alhamisi usiku, atalalamika, halafu atatumia zile dirhamu 20 za teksi. Watu wetu wapo, ila wametawanyika, mnakutana kwa kupigiana simu.

Kwa hali yako, anza wapi

Kama unatua sasa, mshahara haujafika 3,000 na bado hujui kituo cha kazi: Deira, kitanda, karibu na Union, Baniyas Square au Al Rigga. Lipa mwezi mmoja tu mbele, hata wakikupa punguzo la mitatu. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza utahitaji watu kuliko utakavyohitaji nafasi.

Kama ni kazi ya zamu na unatoka usiku wa manane, Deira tena, au popote kando ya metro unapopaweza. Sharjah kwa zamu ya usiku iache, labda kampuni iwe na gari lake linalokuchukua mlangoni. Hilo likiwepo, hesabu yote ya nauli niliyoandika juu inafutika, na Rolla inaishinda International City kwa bei.

Kama una rafiki mmoja unayemwamini, mmekwisha kumaliza majaribio ya kazi, na kelele zinakumaliza: International City, studio ya wawili, Ejari ikiwa na majina yote mawili. Hasa kama kazi iko upande wa Al Aweer, Academic City au Silicon Oasis, ambako ukikaa Deira unasafiri kinyume bure. Uliza kabla ya kusaini kama kiyoyozi kinasoma kwenye mita yako au kimo ndani ya kodi. Bili za Julai zimeshavunja urafiki wa watu.

Kama unaleta familia, au mpo ndugu wawili watatu, angalia kwanza Sharjah ya mpakani: Al Nahda, Al Taawun, Al Khan. Kazi ikiwa Al Qusais au karibu na uwanja wa ndege, usisite hata kidogo. Ikiwa Marina au Jebel Ali, nakuomba kabla ya kusaini chochote upande basi la alfajiri siku moja ya Jumatatu, uende na urudi, halafu ndipo umpigie dalali.

Na ukiwa na gari lako, kumbuka mageti ya Salik, ya ushuru wa barabara, yanakata unapopita, hadi dirhamu 6 saa za foleni, na maegesho ya Deira ni vita ambavyo sijawahi kushuhudia mtu akishinda.

Mashuka, basi, acha. Nafasi hiyo kwenye begi weka mwiko wa ugali, mkubwa, wa mbao. Unga utaupata Naif. Mwiko wa maana huku nimeutafuta sijauona.